Anasemaje Huyu?

Mwezi uliopita nilikwenda katika ofisi moja ya umma, katikati ya jiji, kufuatilia hati ya kiwanja cha marehemu mama yangu. Nilifuatana na mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili, aliyekubali kuja kwa sababu tu nilimwahidi kwamba tukimaliza tungeteremka Feri kula samaki. Zamu yetu ilipofika nilisogea dirishani, nikasalimia, nikataja jina langu na shida iliyonileta. Karani, mwanamke wa makamo mwenye sura ya upole, alinitazama kidogo, kisha akamgeukia kijana na kumwuliza: "Anasemaje huyu?"

Kijana alibaki ameduwaa. Amenisikia tangu alipozaliwa. Hajui kwamba sauti yangu huhitaji mkalimani. "Amesema amekuja kuulizia hati ya bibi," alijibu, kwa mshangao wa mtu aliyeombwa kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mimi nikatoa kalamu mfukoni, nikaandika jina na namba ya kiwanja kwenye kipande cha karatasi, nikakipitisha dirishani. Sikusema neno jingine hadi tulipotoka nje.

Nina umri wa miaka 45. Nina shahada ya uzamivu, na kwa miaka kumi na sita nimejipatia riziki kwa kusimama mbele ya watu na kusema. Katika safu hii nimeandika mara nyingi juu ya Katiba, juu ya uchaguzi, juu ya haki ya raia kusikilizwa na dola. Sijapata kuandika juu ya kinywa changu mwenyewe. Leo naomba radhi ya msomaji niandike, kwa kuwa nimetambua kwamba mada hizo mbili hazijawahi kutengana.

Nilizaliwa mwaka 1980 katika Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, nikiwa na mpasuko wa mdomo wa juu na kaakaa. Watu wetu huuita mdomo sungura, na wengine mdomo wazi. Mdomo wa mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Sehemu hizo zisipokutana kwa wakati wake, huachana moja kwa moja. Sababu zake ni mchanganyiko wa urithi na mazingira: upungufu wa foliki asidi, uvutaji wa sigara, pombe, baadhi ya dawa za kifafa, na mara nyingi hakuna awezaye kuonyesha sababu moja. Wanawake wengi katika wiki hizo hata hawajajua kuwa ni wajawazito.

Hayo nayajua leo. Mwaka 1980 mama aliambiwa mengine. Shangazi mmoja alikumbuka kwamba mama, alipokuwa mjamzito, alimcheka ombaomba wa Msimbazi aliyekuwa na kovu mdomoni. Mama hakukumbuka kumcheka mtu yeyote, lakini kesi ya namna hiyo haina utetezi. Alibeba hukumu ile kimya kimya, akanibeba na mimi. Mtoto mwenye kaakaa lililo wazi hawezi kunyonya, maana hawezi kuvuta hewa kinywani. Maziwa hupanda na kutokea puani. Mama alikamua maziwa yake kwenye kikombe na kunilisha kwa kijiko, amenikalisha wima, usiku na mchana, kwa miezi. Dada yangu mkubwa husema kwamba mwaka ule hakumwona mama amelala kitandani. Alilala ameegemea ukuta.

Mdomo wangu ulishonwa kabla sijatimiza miaka miwili, katika hospitali moja kubwa jijini. Kovu lilibaki, lakini uso ulifunga. Kaakaa liliahirishwa. Tuliambiwa turudi mwaka unaofuata. Tuliporudi, chumba cha upasuaji hakikuwa na vifaa. Safari nyingine kulikuwa na majeruhi wa ajali ya basi, na kinywa cha mtoto anayekula na kutembea kikasubiri. Simlaumu mtu kwa jina. Ilikuwa miaka ya 1980, na hata sabuni ilipatikana kwa kupanga foleni. Lakini tundu lile la juu ya ulimi wangu lilikaa wazi hadi mwaka 1991, nilipokuwa na miaka 11. Wataalamu hupendekeza mdomo urekebishwe mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kaakaa kabla hajavuka mwaka mmoja na nusu, kwa sababu moja kuu: mtoto asianze kujifunza kusema akiwa na mlango ulio wazi.

Mimi nilijifunza kusema mlango ukiwa wazi. Ili mtu atamke b, d au g, sharti hewa ibanwe kinywani kwanza, ndipo iachiwe. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa, huinuka na kuziba njia ya puani ili hewa isitoroke. Kwangu hapakuwa na kizibo. Hewa yote ilipanda puani, na kila sauti niliyoijaribu ikageuka nazali: b ikawa m, d ikawa n, g ikawa ng'. Sauti za k na t zilikwama kooni kama kwikwi. Dada yangu alikuwa "nana". Gari lilikuwa "ng'ari". Na nilipomwita baba yangu, nilimwita "mama".

Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali huko Kivukoni. Alikuwa mtu wa nidhamu, mwenye suruali iliyopigwa pasi na baiskeli iliyofutwa vumbi kila asubuhi. Sijui aliumia kiasi gani kuitwa mama na mwanawe mbele ya wapangaji wenzake. Ninachojua ni kwamba aliitika. Kila mara aliitika.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Neno la kwanza ambalo mtoto wa Pwani hufundishwa ni shikamoo. Kwangu lilitoka "hi-amoo". Wazee waliokuwa wakicheza bao barazani, wasionijua, walidhani ninawadhihaki, na mmoja aliuliza kwa sauti mimi ni mtoto wa nani nisiye na adabu. Basi nikajifunza kuvuka barabara nionapo wazee. Kwa miaka kadhaa nilihesabiwa kuwa mtoto mwenye kiburi, ilhali nilikuwa mtoto niliyeshindwa kutamka heshima niliyokuwa nayo. Shuleni niliitwa King'ong'o. Katika darasa la pili mwalimu alitupanga tusome kwa sauti, mmoja mmoja. Nilipofika sentensi ya pili darasa lilikuwa limeangua kicheko, na mwalimu, nadhani kwa nia ya kuniokoa, akasema: "Wewe kaa, mwanangu. Tutachelewa." Nilikaa. Hakuna mwalimu aliyenisimamisha tena hadi nilipomaliza darasa la saba.

Mtoto aliyekalishwa hutafuta njia zake. Mimi nilianza kuyachagua maneno kwa kipimo cha hewa. Badala ya "hapana" nilisema "la". Badala ya "sawa" nilisema "naam". Badala ya "chakula" nilisema "mlo". Wenzangu walicheka wakidai nazungumza kama mzee wa Lamu. Wanafunzi wangu wa leo, ambao hulalamika kwamba Kiswahili changu ni kizito mno, wajue basi kilikotoka: nilikuwa nakwepa herufi.

Na palikuwa na neno moja nililolimiliki kikamilifu. Mama alikuwa na meza ya mboga kwenye Soko la Kariakoo, jengo lile alilolisanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo moto uliliunguza Julai 2021. Aliuza vitunguu, pilipili hoho, bilinganya na nyanya. Wakati wa likizo nilimsaidia, na siku moja aligundua kwamba neno "nyanya" linanitoka safi kama linavyomtoka mtu mwingine yeyote, kwa kuwa halina konsonanti nyingine ila nazali. Hakunieleza kitu. Alihamishia nyanya zote upande wangu wa meza na kusema: "Ita wateja." Nikaita. Niliita nyanya mpaka sauti ikakauka, na wateja walikuja bila kujua lolote. Tatizo lilianza walipouliza bei. Hapo nilionyesha kwa vidole, na mama akamalizia. Ndiyo kazi ya kwanza ya kusema niliyowahi kuifanya.

Upasuaji wa kaakaa ulipofanyika hatimaye mwaka 1991, tulidhani nitaamka nikisema kama watu wengine. Nikaamka nikisema vile vile. Hakuna aliyetuandaa kwa hilo. Njia ya puani ilikuwa imepunguzwa, lakini ulimi, koo na ubongo vilikuwa na mazoea ya miaka kumi na moja. Daktari alimwambia baba kwamba sasa nahitaji mazoezi ya matamshi. Baba aliuliza hutolewa wapi. Daktari akatikisa kichwa.

Baba akayatoa mwenyewe. Kila Jumamosi alasiri alinipandisha kwenye baiskeli, tukaenda kukaa ufukweni Kivukoni, mahali ambapo panaonekana pantoni ikivuka kwenda Kigamboni na kurudi. Alikuwa na kioo chake kidogo cha kunyolea ndevu. Alikishika chini ya pua yangu na kuniambia niseme "pa". Kioo kikiingia ukungu, hewa imepita puani. Kikibaki safi, imepita kinywani. Pa, ba, ta, da, ka. Baadaye maneno: pantoni, bandari, Kigamboni, Kivukoni. Alinipulizisha pia vijiti vya kiberiti na mashua za karatasi kwenye beseni la maji, kwa kuwa aliwahi kusikia kuwa kupuliza huimarisha kaakaa. Leo najua kwamba kupuliza peke yake hakurekebishi matamshi. Kinachosaidia ni kuzirudia sauti zenyewe, kwa mpangilio, chini ya mtu anayezijua. Tulipoteza mashua nyingi bure. Lakini kioo hakikudanganya. Ilituchukua karibu mwaka mzima kabla hakijabaki safi kwa neno "baba". Nililisema mara tatu mfululizo. Yeye alikifuta kioo kwa leso, akakitia mfukoni, akasema pantoni imechelewa leo.

Msomaji atauliza: yote haya yanahusu nini na siasa? Nitajibu kwa kuyaweka mezani mambo mawili.

La kwanza ni hesabu. Kwa wastani wa dunia, mtoto mmoja katika takriban kila 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa au vyote viwili. Tafiti nyingi za Afrika huonyesha kiwango kilicho chini kidogo ya hicho. Tuchukue kwa tahadhari mtoto mmoja katika kila 1,000. Nchi yetu hupata watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Hao ni takriban watoto 2,000 kwa mwaka, yaani shule nzima ya msingi inayozaliwa kila mwaka na kutawanywa vijijini na mitaani, mmoja hapa, mmoja kule, kiasi kwamba hakuna mbunge anayewaona kuwa ni kundi.

La pili ni nani huwahudumia. Upasuaji wa aina hii Afrika Mashariki umeegemea wahisani kwa muda mrefu. Michael Wood, mmoja wa waasisi wa AMREF mwaka 1957, alikuwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile aliyewafuata wagonjwa kwa ndege ndogo. Leo Hospitali ya CCBRT, hapa Msasani, huwapasua watoto hawa bila malipo, na shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, hugharimia upasuaji unaofanywa na madaktari wa nchi husika. Wanastahili shukrani isiyo na masharti. Nisingependa mtu asome makala haya kama malalamiko dhidi ya anayetoa. Swali langu ni kwa sisi tunaopokea. Mhisani hugharimia kinachoweza kuhesabiwa na kupigwa picha: picha ya kabla na picha ya baada. Upasuaji wa mdomo huweza kumalizika ndani ya saa moja au mbili. Usemi huhitaji miaka, na hauonekani kwenye picha. Hapo ndipo serikali ilipaswa kuanzia, na hapo ndipo karibu kila mtu huishia. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini mwetu ni wachache mno, na mtoto wa Nachingwea au Kasulu anayehitaji kuonana na mmoja kila wiki yuko pale pale alipokuwa baba yangu mwaka 1991, pengine bila kioo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo msingi wa kisheria tunao. Kilichobaki ni kuamua kama kusema ni sehemu ya afya, au ni mapambo yanayoweza kusubiri.

Lakini nisijifiche nyuma ya serikali. Nina deni langu mwenyewe, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Miaka miwili iliyopita, katika semina ya mwaka wa pili, binti mmoja alisimama kuwasilisha mada yake. Nilikuwa nimeinamia orodha ya majina. Aliposema sentensi ya kwanza sikuhitaji kuinua kichwa. Niliijua sauti ile. Ilikuwa yangu ya miaka ya nyuma: b zinazoelekea kuwa m, k zinazonasa. Nyuma ya ukumbi watu wawili walianza kuchekelea. Nilihisi jasho shingoni. Nakiri kwamba sikumwogopea yeye; nilijiogopea mimi, kwamba wangemsikia yeye kisha wanisikie mimi, na miaka yote ya kuzoeleka ifutike. Katika dakika ya nne kati ya kumi alizopewa, nilisema: "Asante sana, inatosha. Tunabanwa na muda."

Alikaa. Jioni ile alikuja ofisini kwangu, akabisha hodi, akasimama mlangoni. "Shikamoo, Dokta," alisema, na kila herufi ilikuwa mahali pake au karibu na mahali pake. "Nimekuja kuomba dakika zangu sita."

Nilimwuliza kama angependelea kuwasilisha kwa maandishi, na alama asipoteze. Nilidhani ninamsaidia. Alinijibu kwa utulivu kwamba mada yake ilikuwa tayari kwa maandishi tangu wiki iliyotangulia, na ipo juu ya meza yangu. Alichokosa ni dakika sita. Sikuwa na la kusema. Juma lililofuata alipewa dakika kumi kamili. Hawakucheka, kwa sababu kabla hajaanza niliwaambia darasa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, kwa nini mimi mwenyewe husema hivi ninavyosema. Alipata alama aliyostahili, nayo haikuwa ya huruma. Hoja yake ya tatu ilikuwa dhaifu na nilimweleza hivyo mbele ya wote. Alijibu, akanipinga, tukabishana hadi kengele.

Sisi huwa na methali ya kutumia mbele ya watu kama yule binti: hujafa hujaumbika. Husemwa kwa nia njema, lakini sikiliza inachosema: usimcheke, yasije yakakupata wewe. Heshima inayojengwa juu ya hofu ya kupatwa haitoshi kumpa mtu dakika zake sita. Mwalimu wangu wa darasa la pili hakunicheka. Mimi sikumcheka yule binti. Karani yule hakunicheka. Sote watatu tulikuwa wapole, na sote watatu tulimnyamazisha mtu.

Ninayoyaomba ni machache. Wizara yenye dhamana na afya ihakikishe kwamba kila mkunga anakagua kinywa cha mtoto mchanga kwa tochi, kwa maana kaakaa laweza kuwa wazi ilhali mdomo ni mzima, na hao hupitwa bila kugundulika. Mama afundishwe siku hiyo hiyo kulisha kwa kikombe na kijiko, na aambiwe waziwazi kwamba hakumcheka mtu. Mafanikio yasihesabiwe kwa idadi ya midomo iliyoshonwa tu, bali kwa idadi ya watoto wanaoingia darasa la kwanza wakieleweka. Tiba ya usemi iwemo katika mafao ya bima, na mtaalamu wake awepo walau katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa. Walimu wenzangu: msimkalishe mtoto. Na wewe mtumishi wa umma uliyeko dirishani, kama hukunisikia vizuri, niulize mimi. Sema, "Samahani, rudia tafadhali." Nitarudia. Nimerudia maisha yangu yote, wala sichoki.

Tulipotoka ofisini siku ile tulikwenda Feri kama nilivyoahidi. Kijana alikula changu mzima wa kukaanga, na alipomaliza akaniuliza: "Mjomba, mbona yule mama aliniuliza mimi?" Nilimwambia labda hakusikia vizuri. Akafikiri kidogo, akasema: "Lakini uliongea kwa sauti."

Hati ya mama bado haijatoka. Nimeambiwa nirudi Jumatatu. Safari hii nitakwenda peke yangu, na kalamu nitaiacha nyumbani.